Ngazi ya Shukrani

Nimeona watu wakifundishwa mambo mengi ya kipuuzi, na mengine niliyafundisha mwenyewe, maana nilikuwa mwalimu wa serikali ya Zaire na mshahara wangu, ulipokuja, ulikuja kwa kazi hiyo. Lakini sijaona upuuzi uliofanyiwa mazoezi kwa bidii kama ule wa kamati yetu ya afya. Tuliitwa ili tufundishwe kudai. Tulipomaliza mafunzo, nadhani hata mtu angetukanyaga kidole tungeanza kwa kumpongeza kwa viatu vyake.

Mji wa Kindu umekatwa na mto, na kila kitu cha maana kiliwekwa upande mmoja. Ng'ambo ya kushoto kulikuwa na stesheni ya reli, ofisi, soko kubwa na hospitali. Ng'ambo ya kulia, huku Alunguli, tulikuwa sisi na mihogo yetu, na shule ya msingi nilikofundisha, na zahanati ya vyumba viwili yenye muuguzi mmoja mpole aliyefunga vidonda na kutoa dawa ya malaria ilipokuwepo. Mwanamke akishikwa na uchungu wa kuzaa, ilibidi avuke. Kivuko chetu, ambacho sote tulikiita baki, kilivuka pale mafuta yalipokuwepo na fundi naye alipokuwepo, na ilikuwa nadra wawili hao kukutana. Siku nyingine zote tulivuka kwa mtumbwi.

Mdogo wangu alivuka kwa mtumbwi mwaka mmoja kabla ya haya ninayoyasimulia, asubuhi ya mvua, mimi nikiwa nimemshika kwa nyuma. Mtoto alizaliwa katikati ya mto. Alilia, halafu akanyamaza kabla hatujafika ukingoni. Tulimzika upande ule wa hospitali, kati ya watu tusiowajua, kwa sababu mwenye mtumbwi hakutaka kurudi na maiti. Sasa mdogo wangu alikuwa na mimba tena. Mumewe alikuwa mbali, huko machimboni Kama, akichimba dhahabu, na habari zake zilifika kwa kubahatisha, kwa hiyo mke alikaa kwangu, akiuza mafuta ya mawese mbele ya nyumba huku tumbo likikua. Alitaka jambo moja tu duniani: azalie ng'ambo yetu, kitandani, mkunga akiwa karibu, asipande mtumbwi tena na uchungu.

Ndipo yakaja mageuzi ya afya. Redio ilitangaza kwamba nchi itagawanywa upya katika maeneo ya afya, kwamba vituo vidogo vitapewa nguvu, na kwamba wananchi wenyewe, kupitia kamati za watu wa kujitolea, watasema wanahitaji nini. Mpango huo ulikuwa mzuri, na nasema hivyo bila kejeli. Aliyeuandika lazima alikuwa mtu mwenye akili ambaye hajawahi kukaa katika mkutano wetu hata mmoja. Tukaambiwa pia kwamba kuna kitanda cha kuzalia na mkunga mmoja aliyesomea kazi, na kwamba kituo kitakachovipata bado hakijachaguliwa. Mkubwa mmoja angezunguka, aende Kailo, aje kwetu, aende na kwingine, asikilize kamati zinavyojieleza, kisha aamue mwenyewe.

Ili tujieleze vizuri tuliletewa mkufunzi kutoka mji mkuu wa mkoa. Alishuka kwenye baki akiwa amevaa abakosti, koti lile la wakubwa lisilovaliwa na tai, ya kahawia, iliyombana kwapani, na kofia ambayo sikuwahi kumwona akijikinga nayo jua. Ilikuwa ya kuvua na kuvaa mbele za watu. Alituita sote "sitwayeni", yaani raia, mwanamume kwa mwanamke, kama sheria ya siku zile ilivyotaka, na alilitamka neno hilo kwa utamu wa mtu anayelipwa kwa kila herufi. Darasa langu lilichukuliwa kwa ajili ya mafunzo. Wanafunzi wangu wakapelekwa kufyeka nyasi, na hakuna mzazi aliyeuliza kwa nini.

Na hao watu wa kujitolea! Mgeni akisikia neno hilo anaweza kudhani kuna kitu walikuwa wakikitoa. Wengi walikuja baada ya kusikia kwamba kila mwanakamati atapewa kikwembe kipya chenye nembo ya Chama. Watu ambao hawakuwahi kumpelekea jirani mgonjwa hata kikombe cha uji walijaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwafika kidevuni, wakiulizana kama kitambaa kitatosha na blauzi. Wengine walitumwa. Mimi nilitumwa na mkuu wa shule kwa sababu ufunguo wa darasa ulikuwa kwangu. Aliyekuja kwa ajili ya afya alikuwa mdogo wangu peke yake, na alikuja na kigoda chake kutoka nyumbani, maana tumbo halikuingia kwenye dawati.

Siku ya kwanza mkufunzi aliuliza nani anaweza kusema shida ya ng'ambo yetu. Mdogo wangu alisimama, mkono mmoja kiunoni.

"Mutoto wangu alikufa katikati ya mto," alisema. "Wamama wengine pia, watoto wao walikufa vile. Tunaomba mukunga na kitanda hapa kwetu. Njo hiyo tu."

Akakaa. Hakulia wala hakupandisha sauti. Kama mafunzo yale yalikuwa na maana yoyote, basi yalikuwa yamekwisha pale pale, na sote tungeweza kurudi mashambani.

Mkufunzi alifumba macho kama mtu aliyetafuna kijiwe ndani ya wali.

"Asanti, mama sitwayeni," alisema. "Lakini unaona, umeanza na kufa. Mukubwa anafika, hajakaa hata chini, weye unamurushia maiti. Atafikiri nini? Atafikiri huku watu hawana heshima. Atafikiri pengine kuna muntu anawachochea."

Aliposema neno hilo la kuchochea, watu waliangalia sakafu. Siku zile halikuwa neno la mchezo, na yeye alijua vizuri. Alilitoa kidogo tu, mtu anavyoonyesha mpini wa kisu kisha akaufunika kwa shati. Halafu akatabasamu, akachukua chaki yangu, akachora ngazi kubwa kwenye ubao wangu.

Hiyo ngazi ndiyo iliyokuwa elimu yenyewe. Juu kabisa alikaa Kiongozi wa taifa. Chini yake Chama, kisha mkuu wa mkoa, kisha wakuu wengine wote kwa kadiri ya vitambi vyao, kisha daktari, kisha mkuu wa msafara, na mwisho kabisa, karibu na sakafu, wananchi. Mwenye kusema alipaswa kushuka ngazi moja baada ya nyingine bila kuruka, akishukuru, na kila ngazi ilikuwa na sababu yake. Kiongozi alishukuriwa kwa amani, Chama kwa umoja, mkuu wa mkoa kwa hekima. Tulipofika kwa mkuu wa eneo tulikuwa tumeishiwa sifa, tukaambiwa tumshukuru kwa barabara. Hatukuwa na barabara. Mkufunzi alisema haidhuru, barabara inaweza kushukuriwa hata kabla haijafika.

Kwa mazoezi tulihitaji mkubwa wa kumshukuru, na mkubwa hakuwepo, kwa hiyo mkufunzi alikiweka kiti changu cha mwalimu mbele ya darasa, akakivisha kofia yake. Sisi watu wazima, wengine wenye wajukuu, tukawa tunapita mmoja mmoja mbele ya kiti, tunainama, tunakishukuru. Siku moja kuku wa muuguzi aliingia, akaruka juu ya kiti na kutulia kando ya kofia. Mwanakamati aliyekuwa akisema aliendelea kushukuru bila kukatiza, na mkufunzi akamsifu kwa uthabiti wake. Nilicheka mpaka nikatoka nje. Nilipokuwa nje nikamkumbuka mdogo wangu, ambaye alikuwa bado mle ndani kwenye kigoda chake akisubiri neno mkunga litajwe, na kicheko kikanitoka mwilini chote.

Aliyechaguliwa kusema siku ya ugeni alikuwa mzee mmoja wa Kasai, karani mstaafu wa reli aliyejenga kwetu kwa kuwa viwanja vilikuwa vingi. Alikuwa na sauti nzito ya kwaya na Kifaransa kilichopigwa pasi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekaa miaka mingi nyuma ya dirisha la stesheni akisikia wenzake wakihutubia, na sasa zamu yake ilikuwa imefika. Binti zake walikuwa wameolewa upande wa mjini, wakizalia hatua chache kutoka hospitali, na nadhani hakuwahi kuutazama mto ule isipokuwa kwa kutafuta upepo.

Baada ya shukrani kulikuwa na wimbo. Hapakuwa na mkutano bila wimbo siku hizo. Tuliita animasio, na kila ofisi, kila shule, kila karakana ilikuwa na kikundi chake cha kukata viuno kwa ajili ya taifa. Sisi tulifundishwa hivi: karani akimaliza ngazi ya mwisho, atavuta pumzi, na hapo hapo wanawake watadaka kwa kuimba, pasiwe na ukimya hata kidogo, maana ukimya mbele ya mkubwa ni aibu. Wakafanya hivyo asubuhi na alasiri. Shukrani, pumzi, wimbo. Vikwembe vilikuwa bado havijagawiwa, kwa hiyo bidii ilikuwa kubwa mno. Ikafika mahali karani akivuta pumzi hata kwa kutaka kupiga chafya, nyuma yake watu wanaanza kuimba.

"Na ombi?" nilimwuliza mkufunzi. "Ombi litakaa wapi?"

"Kati ya shukrani na wimbo."

"Basi tulifanyie mazoezi."

"Mwalimu sitwayeni, ombi ni neno fupi," alinijibu kwa upole wa kunifundisha adabu. "Neno fupi halina haja ya mazoezi. Tutalitia siku ya mwisho."

Mdogo wangu hakumwangalia mkufunzi. Alimgeukia karani. "Papa, usisahau."

"Mama, nitasahau namna gani?" karani alisema, mkono kifuani. Na alimaanisha, hilo nalikubali. Hata leo naamini alimaanisha.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani nilimwambia mdogo wangu aache kwenda, anajichosha bure kusikiliza watu wanaosalimia fanicha. Alikasirika. Aliniambia mimi nina mdomo wa kucheka kila kitu kwa kuwa nimesoma, lakini yeye anahitaji kile kitanda, na kama kitanda kitakuja kwa kushukuru kiti, atakishukuru kiti mpaka miguu ivunjike. "Weye cheka, Yaya," alisema, maana ndivyo alivyoniita mimi mkubwa wake. "Mimi njo nitazaa." Kesho yake nilimbebea kigoda.

Siku ya mwisho, ile ya kutia ombi, ilikuwa siku ya salongo. Kazi ya pamoja, ya lazima, kwa furaha. Mkufunzi alikuwa amepata habari kwamba mgeni atatembea kwa miguu kutoka gatini hadi shuleni, basi kamati nzima ilipewa majembe na ndoo za chokaa. Tulisafisha njia, tukapanga mawe pande zote mbili, tukayapaka meupe. Zahanati haikupakwa. Chokaa ilikuwa imeishia kwenye mawe. Jioni vikwembe viligawiwa, na ombi likaachwa lijipange lenyewe.

Mgeni alifika asubuhi iliyofuata. Siku hiyo mafuta yalipatikana, na fundi wa baki pia, akiwa amenyoa ndevu. Mkubwa alikuwa mtu mnene kidogo, mpole, mwenye macho ya mtu aliyelala vibaya nyumba za wageni. Alikaa kwenye kiti changu. Baadhi ya wanakamati walipigwa na butwaa kidogo. Nadhani walikuwa wamezoea kofia.

Karani alianza. Lazima niseme alikuwa hodari. Alishuka ile ngazi polepole kama mtu anayeshuka na sinia la glasi, Kifaransa kwanza, kisha Kiswahili, na kila ngazi aliiongezea kitu ambacho hakikuwepo kwenye mazoezi, maana sauti yake ilikuwa inamfurahisha. Jua lilipanda. Mgeni alianza kufumba macho kwenye Chama, akayafumbua kwenye daktari, akayafumba tena. Mdogo wangu alikuwa mstari wa mbele, mikono juu ya tumbo, akimfuata karani kwa midomo. Alikuwa amezihesabu ngazi zote. Alijua mwisho uko wapi.

Karani akawashukuru wananchi. Akavuta pumzi.

Naapa aliivuta ili aombe. Niliiona midomo yake ikijiandaa kwa neno lingine. Lakini wanawake walisikia pumzi, na wao walikuwa wamefundishwa kwamba pumzi ina kazi moja. Wimbo ulilipuka. Ngoma ikadaka, vikwembe vipya vikaanza kuzunguka, mikono ikaenda juu. Mgeni aliamka, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye baki, akasimama na kuanza kucheza mahali pake, mabega tu, kama wakubwa walivyocheza. Karani alibaki mdomo wazi. Alimwangalia mkufunzi, mkufunzi alikuwa akipiga makofi. Na karani, kwa kuwa alikuwa mtu wa kwaya na wimbo ulikosa sauti ya chini, akafunga mdomo, akaufungua tena, akaingia na besi.

Niliwadharau wote kwa pamoja wakati huo, na sijapata sababu ya kuacha.

Wimbo ulipoisha mgeni alijibu hapo hapo, maana kulikuwa na chakula kinangoja. Alisema ametembea sehemu nyingi, na kila mahali ni kulia, ni kulalamika, ni kuonyesha vidonda. Hapa kwa mara ya kwanza amekuta watu wenye furaha, watu walioelimika. Alisema inaonekana wazi kwamba mageuzi ya afya yameshafika ng'ambo yetu. Kwa hiyo yule mkunga na kile kitanda atavipeleka kule ambako wananchi bado wanalia. Sisi tulikuwa tumeshavuka hatua hiyo. Na kamati ikapiga makofi. Walipiga makofi ya kukosa mkunga, kwa mdundo ule ule waliofundishwa, kwa bidii, vikwembe vikiwa bado na mikunjo ya dukani.

Mdogo wangu hakupiga. Alisimama, akachukua kigoda chake.

"Yaya, twende tufunge vitu," aliniambia. "Leo baki iko na mafuta."

Mimba ilikuwa na zaidi ya mwezi mbele yake. Wakati wakubwa wakila kuku, na sidhani nakosea nikisema alikuwa yule wa muuguzi, tulifunga vikwembe vyake, sufuria ndogo, blanketi, na chupa ya mawese ya kumpelekea mama yetu mdogo, aliyekaa ng'ambo ya mjini na ambaye hakumpenda mdogo wangu tangu utotoni. Hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Aliamua kwenda kukaa kwa mtu asiyempenda, mpaka azae, kuliko kungoja uchungu umkute upande wetu. Nilijaribu kumwambia asubiri, tuone, labda kamati itaandika. Alinitazama tu mpaka nikaona haya na kuinua mzigo.

Kwenye baki lilikuwepo gari la mgeni, lililobaki humo tangu asubuhi kwa kukosa barabara, vioo vimeshushwa kwa ajili ya joto. Mkufunzi alikuwa amepewa lifti, amekaa nyuma. Mdogo wangu alilisogelea gari, akaweka mkono kwenye mlango.

"Jambo, Papa mukubwa. Mutoto wangu alikufa katikati ya mto huu. Wamama wengine pia, watoto wao walikufa vile. Tunaomba mukunga na kitanda upande wetu. Njo hiyo tu."

Mgeni alimtazama, kisha akalitazama tumbo, na uso wake ulibadilika, hilo sitamnyima.

"Pole sana, mama. Sasa juu ya nini hukusema kule mukutanoni?"

"Kule walikuwa wanaimba."

"Unasema vizuri weye," alisema mgeni. "Wazi, bila kuzunguka. Ungefaa kuingia ndani ya kamati."

"Niko ndani ya kamati."

Mgeni aligeuka kumtafuta mkufunzi. Mkufunzi alikuwa anatazama maji kwa makini, kana kwamba amepoteza kitu humo. Pakawa na kimya, ule ukimya wenyewe tuliofundishwa kuuzuia. Mwishowe mgeni akasema "Tutaona, mama, tutaona," na moshi wa injini ulipoanza kuingia garini, akapandisha kioo. Alikuwa amekwisha kutoa neno lake mbele ya watu na kupigiwa makofi. Mkubwa wa siku zile hakuwa anarudi nyuma kwa ajili ya mwanamke aliyeshika kigoda.

Mama mdogo alitupokea mlangoni bila kusogea. Alipokea mawese, akauliza kama ni chupa moja tu. Kwa mwezi ule na zaidi mdogo wangu alilala kwenye mkeka jikoni, akatwanga sombe, majani ya muhogo, ya nyumba nzima na tumbo lile, akasikia kila siku namna sabuni inavyoisha haraka na namna wanawake wa zamani walivyozaa shambani wakarudi na kuni kichwani. Nilivuka nilipoweza. Alikuwa amekonda usoni, na alipoona nataka kusema kitu kibaya juu ya mama mdogo, alinizuia kwa mkono. Alisema hapa anatukanwa, lakini kutoka hapa mpaka hospitali ni njia kavu.

Alienda kuzaa kwa miguu yake mwenyewe, mchana kweupe. Mtoto wa kike, mzito, mwenye hasira. Nilipomshika alinipiga kidevuni na ngumi yake, na nililia kwa furaha mbele ya wauguzi, mimi niliyejidai sina machozi. Alikuwa mzima. Alikuwa mzima kwa sababu mama yake alielewa, kabla ya makofi kwisha, kwamba hakuna mtu anayekuja. Hayo ndiyo mageuzi tuliyopata ng'ambo yetu, na aliyafanya peke yake.

Arobaini ilipokwisha walirudi nyumbani kwa mtumbwi, jua likiwaka, mto umetulia. Haikupita wiki karani akaja na wanawake wa kamati ndani ya vikwembe vyao, na mkufunzi nyuma yao. Kumbe kamati yetu ilikuwa imetangazwa kuwa kamati ya mfano. Wageni wengine walikuwa wanakuja kutazama wananchi walioelimika, na safari hii mkufunzi alitaka kitu cha kuonekana kwa macho: mama aliyejifungua salama, asimame mbele na mtoto wakati wimbo ukiimbwa. Walimpa mdogo wangu pongezi nyingi. Walimshukuru. Karani alimshukuru kwa niaba ya karibu nusu ya ngazi.

Mdogo wangu alikuwa ananyonyesha mlangoni. Aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Hautasema kitu, mama," karani alimbembeleza. "Ni kusimama tu."

"Ndiyo," alijibu. "Juu nikisema, mutaimba."

Akamhamishia mtoto ziwa la pili, akanyanyuka, akaingia ndani. Karani alikuwa na haya ya kutosha kuangalia miguu yake. Wanawake walipangusa vikwembe vyao, ambavyo havikuwa na vumbi. Mkufunzi alinigeukia mimi, na wala hakuonekana kuudhika; alikuwa na kazi ya kumaliza.

"Mwalimu sitwayeni, hapa jirani hakuna mama mwingine alizaa siku hizi?"

"Iko," nilimwambia. "Nyumba ya tatu, mukono wa kuume. Alizaa juzi ndani ya mutumbwi. Wamemuzika asubuhi hii na mutoto wake, watu hawajarudi wote kutoka makaburini."